Ressort za Kamatanda

Nianze na lile koti, maana ndilo lililonipandisha hasira. Kaka yangu mkubwa Adrien alilitoa kabatini mwa Papa, akalikunja vizuri, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki, akatutangazia sisi sote tuliokaa sebuleni kwamba Jumamosi atamkabidhi dereva wa basi alifikishe Kapolowe. Eti koti litasimama mahali pa Papa. Wajomba watalinyunyizia maji, wataimba, watakula, na mambo yatakuwa yamekwisha. Adrien ni mtu wa ofisi huko Shituru, amezoea kutuma vitu viende badala ya watu.

Mama alikuwa amefariki zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na tulimzika kwao Kapolowe, karibu na mission. Tangu siku ile Papa alivaa nyeusi. Kwetu mwanaume akifiwa na mke, anabaki mikononi mwa ndugu za yule mke mpaka wenyewe wamwite, wamuoshe uso na mikono, wamvue nyeusi na kumvalisha shati jeupe. Tunaita kutosha kilio, yaani kukitoa. Asubuhi padri anasoma misa, mchana wajomba wanafanya ya kwao, na hakuna anayeona ubaya. Ila mtu akifa kabla hajatolewa, anazikwa na nyeusi yake mwilini. Papa Ambroise hakuogopa kufa. Hilo la kuzikwa na nyeusi ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Tarehe ya kwanza waliyotupangia ilipokaribia, akapanda ngazi kupigilia bati la banda la kuku, akaanguka chali. Mfupa mmoja wa mgongo ukapata ufa. Mujomba Chadrack, mdogo wake Mama, akaahirisha shughuli. Tarehe ya pili alipoituma, aliongeza kwamba hakutakuwa na ya tatu, maana wakubwa wa ukoo wanatoka mbali na wengine nao ni wazee, hatawasumbua tena. Nikamfuata dokta aliyekuwa anamtibu Papa. Alinijibu kwamba muzee akifungwa ule mkanda wake wa mgongo, akalala sawasawa, na motokari isimrushe, anaweza kwenda. Ikimrusha, ule ufa unaweza kufunguka na miguu ikafa palepale.

Adrien alishika hilo la mwisho tu. Akaendelea kueleza habari ya koti, namna wenzetu wengine walivyotuma kofia, hata viatu, na wajomba wakapokea. Chumba cha Papa kinatengwa na sebule kwa pazia. Sauti yake ikatoka huko, haikuwa kubwa.

“Minye siko koti.”

Nikachukua ule mfuko wa plastiki nikauweka chini, nikasema Papa atakwenda Kapolowe mwenyewe, na atakwenda na motokari yangu.

Wakacheka, na sikuwalaumu sana. Mimi Eugénie ninauza samaki. Ninazifuata ziwani Kapolowe, ninazileta sokoni Likasi na jeep yangu kubwa, ile ndefu, ambayo viti vya nyuma niliving'oa ili mabeseni yaingie. Ina injini nzuri, haijawahi kuniacha njiani. Lakini chini ilikuwa imekufa. Ressort, yale mavyuma marefu yaliyolala moja juu ya lingine na kubeba motokari, zilikuwa zimenyooka kabisa. Amortisseur za kuzuia isirukeruke zilikuwa zimekauka mafuta zamani. Ukiingia kwenye shimo unasikia chuma kinagonga chuma. Adrien alisema hata samaki zangu zinafika Likasi zimevunjika mbavu.

Nikamwambia nitabadilisha zote, mbele na nyuma. Nikaenda kwa Michée.

Michée ana garaji pale Kikula, na kwa mambo ya chini ya jeep hakuna wa kumfikia mtaani kwetu. Nilimwambia maneno machache tu: aondoe zote, aweke mpya, za nguvu, nzuri kupita zote alizo nazo. Hakuniuliza nitabeba nini. Mimi pia sikumwambia. Kwa nini nimwambie? Likasi jeep ikiingia garaji kwa ajili ya ressort, kila mtu anajua inaelekea machimboni Kamatanda kubeba magunia ya mawe ya madini. Ressort nzuri ni ile inayobeba mawe mengi bila kuinama. Ndivyo wanavyojua mafundi, ndivyo tunavyojua sisi wenye jeep, hata sisi wa samaki. Basi Michée akaenda kazini kwa moyo wake wote, na mimi nikakaa kwenye kigoda cha mlangoni nikimsimamia kwa moyo wangu wote.

Alifanya kazi safi, siwezi kumkatalia. Alitoa magurudumu, akafungua bulo, bolti zilizoshikwa na kutu, akazishusha zile ressort za zamani zikaanguka chini kama vyuma vya kitanda kibovu. Mpya zilikuwa na vyuma vingi zaidi, vinene, vimepinda juu. Amortisseur zilikuwa nene kama mkono wangu, zimepakwa rangi ya manjano. Alipoishusha jeep ilibaki imesimama juu, imeinua kifua. Watu waliokuwa wakipita barabarani wakasimama kuitazama. Mzee mmoja wa baiskeli akaniambia sasa hii ndiyo jeep. Nikarudi nyumbani nimejaa sifa, na pale niliporushwa mpaka kichwa kikagusa paa nikailaumu barabara.

Ijumaa asubuhi nikafanya jaribio. Nilitandika matela nyuma, godoro lile ambayo Papa angelalia, nikaweka juu yake beseni ya maji nusu. Nikazunguka mtaani, nikapita kwenye mashimo ya sokoni, nikarudi polepole kabisa. Nilipofungua mlango wa nyuma, beseni ilikuwa imelala kifudifudi, matela imelowa yote, na hata kiti changu kilikuwa na maji. Nilisimama pale lupangoni, uani kwetu, nikaangalia. Nikaona mahali kichwa cha Papa kingekuwa, na mgongo wake. Machozi yakaanza kunitoka, kisha hasira ikayakausha.

Michée aliponiona naingia na ile beseni mkononi alijua hakuna salamu. Nikammwagia maneno yote. Akanisikiliza akijifuta mikono, uso wake umejaa mshangao wa kweli. Akanieleza kwamba zile ni bora kupita zote, zinabeba tani nzima, watu wote wa Kamatanda wanazililia. Ndipo nilipomwambia kwamba nitakayembeba ni baba yangu, na mgongo wake una ufa.

Michée akakaa chini juu ya gurudumu. “Mama Eugénie,” akasema, “ungeniambia mbele.”

Nikamjibu na yeye angeniuliza mbele, kabla ya kuanza kazi.

Nikamwagiza arudishe ressort zangu za zamani, afadhali zile zilizolegea. Akainamisha kichwa. Alikuwa amempelekea muhunzi wa kando ya reli, kama wafanyavyo wote, maana chuma cha ressort ndicho kinachotoa majembe mazuri. Nikaenda mbio. Nikamkuta muhunzi anageuza kipande cha ressort yangu ndani ya moto, na vingine viwili vimekwisha kuwa majembe, vimelala pembeni vinapoa. Yule bwana, bila kujua lolote, akaniuliza kama nataka la mpini mrefu ao mfupi. Nikageuka nikaondoka, nisije nikamtukana mtu asiye na kosa.

Niliporudi garaji nikamuuliza Michée kama anaweza kupunguza vyuma vya zile mpya. Akasema zimefungwa pamoja, akitoa kimoja vingine vinaweza kucheza njiani, na hawezi kumlaza muzee wa mtu juu ya kazi ya kubahatisha. Za laini zingetoka Lubumbashi, na leo ni Ijumaa. Nikampigia kelele tena, sijui nilisema nini. Naye akachoka, akanijibu kwa ukali mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akasema ressort haina kosa, mwenye kosa ni motokari tupu. Ningebeba magunia kama wenzangu ningeona inavyolala.

Kisha nikamwomba arudie.

“Ikiwa na mizigo, inalala,” akasema. “Inaenda pole, sawa kitanda. Inarusha tu ikiwa tupu.”

“Basi tuipe mizigo,” nikasema.

Jirani yake alikuwa anajenga, na mbele ya kiwanja kulikuwa na magunia ya mchanga. Tukayaomba. Tukapakia machache, tukaweka beseni, tukaenda mpaka kwenye mashimo na kurudi. Maji yakamwagika, lakini si yote. Tukaongeza. Michée anaendesha, mimi nimepiga magoti nyuma nikiitazama beseni. Kila tulipoongeza magunia maji yalitulia zaidi. Mwisho jeep ilikuwa imeinama kidogo nyuma, inashuka shimoni taratibu na kupanda taratibu, na maji yanakwenda mpaka ukingo wa beseni, yanarudi. Nilicheka peke yangu huko nyuma. Michée akageuka kuniangalia, akaanza kucheka naye.

Shida ikawa nafasi. Magunia mengi vile yakipangwa chini ya matela, pua ya Papa ingegusa paa. Nusu yake yalitosha chini, na hayo hata sikuhitaji kuyatafuta. Kwenye kutosha kilio sisi watoto ndio tunaopeleka unga wa bukari, ugali wetu, na unga wetu ulikuwa umejaa stoo, ukisubiri kusafiri na basi pamoja na lile koti. Ule unga ungelala chini kabisa, matela juu yake. Uzito uliobaki ulipaswa kukaa pembeni na mbele, tena uwe uzito wa kujikunja. Nilipofikiria hivyo nikajua ni nani. Nikamwambia Michée yeye ndiye wa kwanza, kesho alfajiri awe mlangoni kwetu. Hakubisha.

Kisha nikaenda kwa Adrien, kule mtaa wa Panda. Nilimkuta mezani na mkewe Hélène. Ni watu wa kushiba vizuri wote wawili, Mungu awabariki. Adrien akaanza kuniambia kwamba atatuombea njia nzima.

“Yaya,” nikasema, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, “sitaki maombi yako. Nataka kilo zako.”

Hélène ndiye aliyecheka kwanza. Nikawaeleza habari ya ressort, ya beseni, ya magunia. Hélène akasema yeye anakuja, na atavaa kitenge kizito ili asaidie. Adrien hakucheka. Alisogeza sahani yake, akazungumza juu ya kazi, akazungumza juu ya joto, halafu akayaacha yote. Akaniambia anaogopa. Anaogopa kumwona Papa anageuka maiti kutoka kiunoni, mbele ya macho yake, katikati ya njia, na asiwe na la kufanya. Ndiyo maana alitaka koti liende. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi makali, yote yakanipotea. Hata mimi nilikuwa naogopa vilevile, tangu ile matela ilipolowa.

“Uogope, yaya,” nikamwambia. “Lakini uogopee mu motokari.”

Jumamosi tulimtoa Papa na shuka, watu wanne tumeshika pembe. Amefungwa mkanda wa dokta, amevaa nyeusi yake, ndevu amenyolewa na mdogo wangu Tina. Tukamlaza juu ya matela, juu ya unga. Hélène akakaa kushoto kwake, Tina kulia, Adrien nyuma ya kichwa chake. Michée mbele, pembeni yangu. Bado nilitaka beseni. Nikaichotea maji kwenye pipa la Mama, lile alilokuwa anakingia mvua, ambalo mpaka leo hatujalihamisha. Nikaiweka juu ya matela karibu na miguu ya Papa. Akaniuliza beseni ni ya nini. Nikamwambia ni ya kumchunga dereva.

Njia ya lami haikutusumbua. Kilichoninyima raha ni pale unapoiacha na kukata kuelekea mission. Udongo mwekundu, malori yameuchimba, na mbele kidogo kuna mahali maji ya mvua yamepasua njia kutoka ukingo huu mpaka ule. Nikiwa na samaki huwa ninapita pale nimefumba macho, nasubiri kishindo. Safari hii nilisimama kabisa. Michée akashuka, akaangalia, akarudi ndani upesi ili uzito usipungue, akanionyesha kwa mkono nipite upande gani. Kwenye kioo nilimwona Adrien ameshika kichwa cha Papa kwa mikono yote miwili, midomo yake inatembea.

Nikaiachia. Jeep ikashuka mbele, polepole, ikafika chini, nikasubiri kishindo na kishindo hakikuja. Ikapanda. Nyuma nayo ikashuka, ikapanda. Hakuna aliyepumua mpaka gurudumu la mwisho likatoka. Tina akasema maji yako mahali pake. Nikauliza, bila kugeuka, Papa iko namna gani.

“Inalala,” akasema Papa. Kisha akaongeza kwamba Adrien amwachie masikio, anamvuta.

Mujomba Chadrack alikuwa anatusubiri mbele ya nyumba ya babu, na ukoo wote nyuma yake. Alikuwa amesimama na uso wa mtu anayetegemea kupokea mfuko wa plastiki. Nilifungua mlango wa nyuma. Alipomwona Papa amelala pale, macho wazi, akatoa kofia. Hatukumshusha. Wajomba wenyewe walisema shughuli itamfuata aliko, wakakusanyika mlangoni mwa jeep, kaburi la Mama likionekana nyuma ya mihogo. Walikuwa wameandaa maji yao ndani ya chungu. Mujomba akaiona beseni, akauliza hii maji inatoka wapi. Tina akamwambia ni ya pipa la Mama. Mujomba akasukuma chungu pembeni, akaosha uso na mikono ya Papa kwa yale maji ya Mama. Akafungua vifungo vya shati jeusi kimoja kimoja, taratibu, bila kumgeuza, na wakamvalisha jeupe. Papa alilia kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata siku tuliyomzika Mama. Tulilia naye, sote, mpaka Michée.

Nguo nyeusi zinabaki kwa wajomba, ndiyo desturi. Papa alipomaliza kulia akamwambia Adrien awape na lile koti, maana anajua liko chini ya kiti. Adrien akalitoa, amekunja uso kwa haya. Alikuwa amelibeba, kwa usalama tu.

Watu wakaimba, tukamhamisha Papa kwa shuka lake mpaka kitandani ndani, na wamama wakaja kuvuta unga chini ya matela ili wasonge bukari. Tulikula, tukacheza. Mimi nilicheza mpaka miguu ikauma. Na jua lilipoanza kupungua nikageuka kuitazama jeep yangu, nikaona imesimama juu, imeinua kifua kama siku ile ya Kikula. Unga umeliwa, na uliobaki ni wa wenyeji, haurudi. Usiku na mchana nilikuwa nimefikiria kumfikisha Papa, sikufikiria hata kidogo kumrudisha. Na palepale ile njia iliyopasuka ilikuwa inatusubiri.

Mujomba Chadrack akaniona nimekaa chini nimeshika kichwa, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza yote, kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyeziweka zile ressort. Alisikiliza mpaka mwisho. Ujue kwamba kuanzia mchana ule hakuwa tena na kazi yoyote juu ya Papa. Walikuwa wamemwachilia mbele ya watu. Kilio kikishatoka, mjane anakwenda zake, na ndugu za mke wanabaki zao. Hakuna ambaye angemsema kama angenipa pole tu na kuingia ndani.

Akaondoka. Nilidhani yamekwisha. Kisha nikaona vijana wanakuja na magunia ya makala, makaa ya kupikia, wanauliza yapangwe wapi. Nikaona gunia la mahindi, na jingine. Wakayalaza, wakatandika matela, wakamlaza Papa na shati lake jeupe. Adrien akarudi mahali pake bila kuitwa. Halafu akaja Mujomba mwenyewe, amevaa kofia, na nyuma yake dada zake wawili, mama wakubwa wenye miili ya kutosha. Akaikagua jeep, akaisukuma kwa goti, ikatikisika.

“Ingali tupu,” akasema. “Bantu bapande.”

Watu wakapanda, yeye wa kwanza, akabanana karibu na kichwa cha Papa, magoti yamefika kifuani. Papa akamwambia asogee kidogo, amekalia shuka lake. Mujomba akasogea. Nikawasha motokari, tukafika pale njia ilipopasuka, ikashuka, ikalala, ikapanda.